Dirisha Lililomezwa: Uchambuzi wa Kisa cha Panorama ya Ukumbi wa Duara

Kisa hiki kinahusu panorama, yaani picha pana inayotokana na kuunganisha picha nyingi, iliyotoka safi kuliko ilivyostahili. Mahali, watu na jina la programu iliyotumika vimeondolewa. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta kuunganisha picha, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu.

## Usuli

Ukumbi ni chumba cha kusomea, duara kamili, kipenyo chake mita 24 hivi. Juu ya makabati ya vitabu, ukutani, kuna madirisha 16 yaliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka chumba kizima. Yote yanafanana: upinde uleule, fremu ileile, ua lilelile la plasta juu ya kila upinde. Aliyelichora jengo hilo alitaka mtu akisimama katikati asijue ameelekea wapi, na alifanikiwa.

Ukumbi ulikuwa katika ukarabati. Upande mmoja wake makabati yalikuwa yameshatolewa vitabu na kufunikwa plastiki nyeupe kuanzia chini ya madirisha hadi sakafuni. Pande nyingine zilibaki kama kawaida, na vitabu, meza, ngazi na taa zake.

Tuliombwa picha moja ya nyuzi 360, itakayochapishwa kwa urefu wa mita 5 na kutundikwa kwenye korido. Kulikuwa pia na matumizi ya pili, yaliyotajwa kwa sentensi moja tu mwishoni mwa ujumbe: mafundi wangeitumia picha hiyohiyo kama ramani ya kutia namba madirisha kabla ya kung'oa vioo. Niliisoma sentensi hiyo, nikaipita.

Mpiga picha alifanya kazi yake vizuri kuliko wengi. Aliweka kamera kwenye tripodi katikati kabisa ya ukumbi, akaisimamisha wima, upande mrefu wa picha ukielekea juu, akatumia lenzi ya milimita 24 kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24 na picha za pikseli 6000 kwa 4000. Alifunga mwangaza, rangi na fokasi, ili picha moja isije ikawa ya njano na jirani yake ya buluu. Kwa lenzi hiyo, kamera ikiwa wima, kila picha huona upana wa nyuzi 53. Alipiga picha 10, moja kila nyuzi 36, hivyo kila picha ilipandana na jirani yake kwa nyuzi 17, karibu theluthi ya upana wake. Hicho ni kipimo cha kawaida ambacho hakuna mtu angekilalamikia.

Mambo mawili hayakuwa kamili. Kichwa cha tripodi kilikuwa cha kawaida, kwa hiyo kamera ilizunguka kwenye skrubu yake badala ya kuzunguka kwenye ile nukta ya ndani ya lenzi ambapo miale ya mwanga hukutana. Na kwa kuwa mwangaza ulipimwa kwa ajili ya ndani ya ukumbi, kila kilichokuwa nje ya vioo kiliungua kuwa weupe mtupu. La kwanza tulilijua. La pili tuliliona kama suala la urembo.

## Yaliyotokea

Siku ya kwanza nilipakia picha zote 10, nikaiachia programu ifanye kila kitu yenyewe. Panorama ikatoka: laini, ukuta umenyooka, mshono hauonekani hata ukiutafuta.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu wa kazi hii hufanya, nikaikuza hadi ukubwa wake kamili na kuanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia nikisaka kasoro. Nilizipata mbili. Meza moja ya karibu ilikuwa imevunjika ukingo, kana kwamba mtu ameikata kwa msumeno na kuirudisha vibaya. Na fundi mmoja alikuwa ametokea mara mbili, kwa sababu alitembea kutoka picha ya pili kwenda ya tatu wakati kamera ikigeuzwa.

Meza ilieleweka. Nukta ya lenzi ilikuwa kama sentimita 8 mbele ya skrubu, kwa hiyo kila kamera ilipogeuzwa nyuzi 36, lenzi ilihama karibu sentimita 5. Kwa ukuta ulio mita 12 mbali, sentimita 5 si kitu. Kwa meza iliyo mita 1.5 ni jambo kubwa: ukipiga hesabu, meza inajitenga na ukuta ulio nyuma yake kwa zaidi ya pikseli 100 kati ya picha moja na inayofuata. Hiyo ndiyo paralaksi, na hakuna programu inayoweza kuifuta kwa kupinda picha, kwa sababu picha mbili zimeona vitu viwili tofauti kweli. Niliichorea meza kinyago kwa mkono ili itoke kwenye picha moja tu, nikamfuta fundi wa pili, nikaridhika.

Kabla ya kutuma niliona jambo la tatu. Programu ilionyesha kwamba wastani wa makosa ya alama zilizooanishwa, yaani nukta inazozitambua kwenye picha mbili kuwa ni kitu kimoja, ni pikseli 6, na kubwa kuliko yote ni pikseli 23. Kazi nzuri ya tripodi huwa chini ya pikseli 1 au 2. Niliisingizia paralaksi ya meza, nikaendelea.

Siku ya tatu msimamizi wa jengo alipiga simu. Mafundi walikuwa wameshaanza kubandika vibandiko vya namba wakifuata nakala ndogo ya picha, na namba hazikutosha.

"Kaka," akasema, "ukumbi una madirisha 16. Wewe umenipa 15."

Nilihesabu nikiwa bado kwenye simu. Yalikuwa 15.

## Programu ilifanya nini

Ili kuelewa dirisha lilikwenda wapi, inabidi tuifuate programu hatua kwa hatua, kwa sababu hakuna hatua hata moja iliyoharibika. Kila moja ilifanya kile ilichoundwa kufanya.

Kwanza inatafuta alama: kona, madoa, mahali ambapo mwanga unabadilika kwa namna ya kipekee. Njia iliyofungua mlango huu ni SIFT, ambayo David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliitoa mwaka 1999 na kuieleza kwa kirefu mwaka 2004. Kila alama hupewa kitambulisho cha namba 128 kinachoeleza jinsi mwanga unavyoelekea kuizunguka, kwa namna ambayo haibadiliki sana picha ikigeuzwa, ikikuzwa au ikipunguzwa. Kisha programu inachukua kila alama ya picha moja na kuitafutia pacha kwenye picha nyingine.

Hapa kuna kichujio chenye akili. Lowe alipendekeza mshindi asikubaliwe kwa sababu tu ameshika nafasi ya kwanza. Alinganishwe na wa pili. Kama umbali wa wa kwanza si chini ya 0.8 ya umbali wa wa pili, tupa jozi hiyo, kwa maana huwezi kujua yupi ndiye. Kwenye majaribio yake, kichujio hiki kiliondoa asilimia 90 ya jozi za uongo na kupoteza chini ya asilimia 5 ya zile za kweli. Katika ukumbi wa madirisha pacha, kichujio hiki kinafanya kazi ya kufyeka. Kona ya dirisha moja ina mapacha wawili kwenye picha ya jirani, kwa hiyo jozi nyingi za madirisha hutupwa. Kwa sehemu tisa kati ya kumi ambapo picha zilipandana hilo halikudhuru chochote, maana migongo ya vitabu, saa, ngazi na taa zilileta mamia ya alama zisizofanana na nyingine yoyote.

Tatizo lilikuwa kati ya picha ya sita na ya saba. Sehemu zilipopandana palikuwa ni plastiki nyeupe tupu chini, na madirisha juu. Nje ya vioo, ambako kwa kawaida tungepata tawi au paa la kutofautisha dirisha na dirisha, kulikuwa kumeungua.

Tazama jinsi madirisha yalivyokaa. Duara likigawanywa kwa 16, kila dirisha liko nyuzi 22.5 kutoka kwa jirani yake. Dirisha la 9 lilikuwa katikati kabisa ya picha ya sita. Dirisha la 10 lilikuwa ukingoni mwa picha hiyohiyo, limekatwa kidogo. Kwenye picha ya saba, la 10 lilikuwa kushoto kwa katikati, na la 11 kulia kwa katikati. Dirisha la kweli lililoonekana kwenye picha zote mbili lilikuwa moja tu, la 10, tena kwenye picha ya sita lilikuwa pale ukingoni ambapo lenzi pana huvuta vitu na kuvinyoosha, kwa hiyo vitambulisho vyake vilikuwa vimebadilika. Dirisha la 9 lilikuwa limenyooka, halijavutwa, na lilifanana na la 10 la picha ya saba kuliko la 10 lilivyofanana na nafsi yake.

Baada ya kichujio zilibaki kambi mbili. Kambi ya kweli, iliyosema kamera iligeuka nyuzi 36, ilikuwa na alama 11. Kambi ya uongo ilisema kamera iligeuka nyuzi 13.5 tu, yaani 36 ukiondoa 22.5. Hiyo ilioanisha dirisha la 9 na la 10, na la 10 na la 11, madirisha mawili karibu mazima pamoja na maua yake ya plasta. Ilikuwa na alama 38.

Hapo ndipo RANSAC inapoingia. Ni njia ya mwaka 1981, ya Martin Fischler na Robert Bolles, na wazo lake ni la kikatili kidogo: chukua jozi chache kwa kubahatisha, jenga dhana kutokana nazo, hesabu ni jozi ngapi nyingine zinazoikubali, rudia, mwishowe shika dhana yenye wafuasi wengi. Kwa kupinda picha moja iingie kwenye nyingine zinahitajika jozi 4. Kama nusu ya jozi zote ni za kweli, majaribio 72 yanatosha kukupa uhakika wa asilimia 99 kwamba angalau mara moja umeokota nne safi. Inafanya kazi kwa uzuri wa ajabu, kwa sharti moja ambalo halisemwi mara nyingi: waongo wasiwe wamekubaliana. Makosa ya kawaida hutawanyika, kila moja likivuta upande wake, kwa hiyo hayapati wafuasi. Makosa yetu yalivuta upande mmoja, kwa pembe ileile, kwa usahihi wa jengo lililopimwa kwa bikari. Kura zilikuwa 38 kwa 11.

Kuna hatua ya kuhakiki pia. Matthew Brown na Lowe, waliofanya uunganishaji wa panorama uwe wa kujiendesha kabisa, waliandika mwaka 2007 kanuni ya kuamua kama picha mbili ni majirani kweli: alama zilizokubaliana lazima zizidi 8 kuongeza 0.3 ya alama zote zilizomo kwenye eneo la kupandana. Nilizihesabu zetu. Zilikuwa 38 kati ya 94, na kanuni inadai zaidi ya 36. Kwa kipimo hicho uongo wetu ungepita chupuchupu, lakini ungepita.

Sasa linakuja jambo lililonishangaza kuliko yote. Ukumbi ni duara. Picha ya 10 lazima ikutane na picha ya 1. Kama jozi moja ya picha imeibiwa nyuzi 22.5, jumla ni nyuzi 337.5, na duara haliwezi kufunga. Uongo ulipaswa kufichuka hapo. Haukufichuka, kwa sababu baada ya kuoanisha, programu hufanya marekebisho ya jumla: inachukua pembe za picha zote pamoja na urefu wa fokasi wa lenzi, na kuvisogeza vyote kidogokidogo mpaka jumla ya makosa iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Mimi nilikuwa nimeiachia uhuru wa kubadili urefu wa fokasi. Ikafanya lililo la busara kwake: ikaamua kwamba lenzi si ya milimita 24, ni ya 22.4. Kwa lenzi hiyo kila picha inahesabika kuwa pana zaidi, kila hatua ya nyuzi 36 inakuwa kama 38.4, na duara linafunga vizuri kabisa. Madirisha 15, kila moja nyuzi 24. Upungufu wa dirisha moja uligawanywa kwa ukumbi mzima, kila mtu akabeba asilimia chache, na jicho halioni asilimia chache.

Kilichobaki ni mshono. Picha zilizopindwa kwa lenzi isiyo sahihi hazikai sawasawa. Juu na chini ya picha zilipishana hata kwa pikseli 20. Lakini programu haikati picha kwa mstari ulionyooka. Inatafuta njia ambamo picha mbili zinatofautiana kidogo iwezekanavyo, na ukutani kwetu njia hizo zilikuwa nyingi: plasta nyeupe, plastiki nyeupe. Mwisho ikachanganya kwa mizani tofauti, mbinu ya Peter Burt na Edward Adelson ya mwaka 1983: tofauti pana za mwanga zinayeyushwa polepole kwenye eneo kubwa, na maelezo madogomadogo yanabadilishana ghafla kwenye ukanda mwembamba, ili kusiwe na mstari wala ukungu. Ni mbinu ninayoipenda, na hapa ilifunika kaburi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudi ukumbini. Mpiga picha alikuwa tayari kurudi siku hiyohiyo. Lakini mafundi walikuwa wameshasogeza plastiki na kuweka jukwaa la chuma, mwanga wa siku ile ulikuwa umepita, na picha tulizokuwa nazo hazikuwa na kasoro ndani yake. Zilikuwa zimesomwa vibaya tu. Nilitaka kwanza kujua kama zinasomeka.

Wa pili ulikuwa kuilazimisha programu ionyeshe kosa badala ya kulirekebisha. Nilifunga urefu wa fokasi kwenye 24, kama ulivyoandikwa na kamera ndani ya faili. Nikafuta alama zilizounganisha picha ya 10 na ya 1, ili mnyororo usilazimishwe kujifunga. Nikapiga hesabu upya. Mahali ambapo picha mbili hizo zilipaswa kupandana kwa nyuzi 17, ulitokea ufa mweusi wa nyuzi 5 na kitu. Jumlisha: nyuzi 22 na nusu, au karibu sana. Gawa 360 kwa 16. Sijawahi kufurahia ufa kama ule.

Kujua ni jozi ipi ilikuwa rahisi baada ya hapo. Pembe kati ya picha zote zilikuwa karibu 36, isipokuwa moja iliyosoma 13.5. Pembe iliyojitenga namna hiyo ilikuwepo kwenye jedwali tangu siku ya kwanza.

Wa tatu ulihusu namna ya kuirekebisha. Kuna vitufe vya kuiambia programu itafute alama zaidi au ilegeze kichujio. Nilivikataa, kwa kuwa alama zaidi kwenye ukuta ule zingekuwa madirisha zaidi, na kambi ya uongo ingezidi kunenepa. Nilifuta alama zote za jozi hiyo, pamoja na zile 11 za kweli, nikaanza kuweka kwa mkono. Nilitafuta vitu ambavyo mchoraji wa jengo hakukusudia: ufa kwenye plasta, doa la maji, kipande cha waya, mahali ambapo plastiki ilikunjwa na kubanwa kwa gundi. Kwenye nyuzi 17 zile nilipata alama 9. Zilikuwa chache, na tatu zilikaribiana sana, lakini zilitawanyika juu, katikati na chini, na huo mtawanyiko una thamani kuliko wingi.

Nilifuta pia kila alama iliyokuwa juu ya meza za karibu, kwenye picha zote. Alama hizo ni za kweli, ila kwa sababu ya paralaksi zinasema kweli ya mahali pengine, na zilikuwa zikichafua hesabu ya ukuta. Baada ya hapo nilirudisha alama za picha ya 10 na ya 1, na mwisho kabisa nikaufungulia urefu wa fokasi. Safari hii ulihama kwa sehemu ya kumi ya milimita tu.

## Matokeo

Wastani wa makosa ulishuka kutoka pikseli 6 hadi 0.8. Madirisha yakawa 16.

Upana wa panorama nao ulibadilika, na hii ni dalili nyingine niliyokuwa nimeipita. Ukijua urefu wa fokasi kwa pikseli, upana kamili wa duara ni mzingo wake: kwa lenzi yetu pikseli 4000 mara mbili mara pai, yaani kama 25,130. Programu siku ya kwanza ilinipendekezea karibu 23,450. Pikseli 1,700 hazipotei hivihivi. Kwa chapa ya mita 5, upana sahihi ulitupa nukta kama 128 kwa inchi, kiasi kinachotosha kwa picha inayotazamwa mtu akiwa amesimama korido.

Mafundi walipoteza siku mbili kubandua vibandiko kuanzia dirisha la 10 kwenda mbele na kubandika upya. Hakuna kioo kilichokuwa kimekatwa. Msimamizi aliniambia orodha ya vioo ilikuwa iende kwa mkataji wiki inayofuata.

Meza haikupona. Kinyago kilificha mvunjiko mkubwa, lakini mguu mmoja bado umekaa mahali ambapo mguu wa meza hauwezi kukaa. Niliwaambia, wakasema hakuna atakayeuona.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Kufunga mwangaza, rangi na fokasi kulifaa. Bila hilo tungekuwa na michirizi ya mwanga ya kushughulikia, na huenda nisingepata ile mikunjo ya plastiki. Tripodi ilifaa pia: pembe zilizo sawa kati ya picha ndizo zilizofanya ile moja ya 13.5 ijitokeze mara tu nilipoitazama. Kama picha zingepigwa kwa mkono, hatua za 33, 40, 29 zingeificha.

Kilichoshindwa kwanza ni ukaguzi wangu. Nilikagua mishono, mahali ambapo programu imetumia nguvu zake zote kuficha. Mshono unaeleza uchanganyaji ulivyokwenda, na hausemi chochote kuhusu jiometri. Jiometri iko kwenye namba nne ambazo programu nyingi huzionyesha au huziacha zionekane ukitafuta: urefu wa fokasi ulioishia nao, pembe kati ya picha na picha, wastani wa makosa na upana wa picha nzima. Zote nne zilikuwa zinapiga kelele. Moja niliiona, nikaipa sababu niliyokuwa nayo tayari mkononi. Paralaksi ilikuwa kosa la kweli, na ndiyo maana ilinidanganya vizuri: ilibeba lawama ya kosa la pili.

Uhuru wa urefu wa fokasi unastahili kusemwa peke yake. Kwa panorama isiyofunga duara, au kwa lenzi usiyoijua, ni lazima uuache wazi. Kwa duara kamili lililopigwa kwa lenzi inayojulikana, duara lenyewe ndilo shahidi wako mkuu, na ukiacha fokasi wazi tangu mwanzo unampa shahidi ruhusa ya kubadili ushahidi. Siku hizi naifunga kwanza, naangalia kama duara linafunga, ndipo naifungua. Wenzangu wawili wanaona huo ni woga. Labda, kwa kazi za mandhari ya nje.

Idadi ya picha inajadilika. Theluthi ya kupandana inatosha pale ukuta unapokuwa na vitu. Hapa, picha 18 badala ya 10, moja kila nyuzi 20, zingefanya kila picha iguse majirani wawili kila upande: ya sita ingepandana na ya saba na hata ya nane. Jozi moja ikidanganya, nyingine inaikana. Kwa hatua ya nyuzi 36, picha ya sita na ya nane hazikuonana kabisa, kwa hiyo jozi ile haikuwa na wa kuihoji. Gharama ni dakika chache za kubonyeza shata.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba katikati ya ukumbi palikuwa mahali pabaya kuliko pote. Ukisimama katikati ya duara, kila dirisha lina ukubwa uleule na pembe ileile, na kuzungusha ukumbi kwa nyuzi 22.5 hakubadilishi kitu. Kamera ingesogezwa mita moja tu pembeni, madirisha ya upande mmoja yangekuwa makubwa kuliko ya mwingine, na dirisha la 9 lisingekaa juu ya la 10 kwa urahisi ule. Mteja alitaka katikati, na kwa picha ya kutundika alikuwa sahihi. Kwa ramani ya namba, hapana. Hizo zilikuwa kazi mbili, na mimi nilizisoma kama moja.

Kuhusu programu, sioni cha kuilaumu zaidi ya ukimya wake. Ilikuwa na jozi yenye kambi mbili, 38 na 11, zikitofautiana kwa pembe safi. Haikusema. Ilichagua, ikapinda, ikayeyusha, ikanikabidhi picha bila hata alama ya kuuliza. Zipo programu zinazoonyesha picha zilivyoungana kwa mistari ya rangi, nene pale alama zilipo nyingi na nyembamba pale zilipo chache, na hapo mstari kati ya sita na saba ungeonekana umekonda kama uzi. Yetu inayo dirisha la aina hiyo kwenye skrini. Liko kwenye menyu ya tatu, na siku ile sikulifungua.

Kwenye begi la mpiga picha sasa kuna bahasha ya vipande vya karatasi vyenye herufi kubwa, kila kimoja herufi yake, na gundi isiyoacha doa. Kwenye ukuta mtupu au wa kujirudia anabandika kimoja kila sehemu picha zinapopandana, na mimi nakifuta baadaye. Kazi iliyofuata tulisahau kufuta herufi K.